Majestic ya Vuga: nani aliiua, na tuifufue vipi?

Likitajwa jengo la sinema ya zamani ya Majestic pale Vuga, Unguja, wazee hugawanyika papo hapo. Huyu atasema Serikali ndiyo iliyoiua sinema. Mwenziwe atashikilia kuwa ni video.

Kabla ya Majestic palikuwa na Royal, sinema ya miaka ya 1920 ambayo jengo lake lilichorwa na msanifu Mwingereza J. H. Sinclair. Ikateketea kwa moto 1954, na mwaka uliofuata Majestic ikasimama pale pale.

Wanaoilaumu Serikali hawasemi ovyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 sinema zilitaifishwa, na biashara iliyotegemea mtu kujua wateja wake wa Jumapili wanataka picha gani ikawa kazi ya ofisi. Lakini hoja hiyo inakwama ukivuka bahari. Regal na Naaz za Mombasa hazikutaifishwa, na leo nazo si sinema tena. Hata televisheni isisingiziwe: Zanzibar iliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na watu waliendelea kupanga foleni. Kanda ya video ndiyo iliyowabakisha nyumbani, kwa kuwa ukikodi moja, ukoo mzima na majirani wanaangalia picha la Kihindi bure, na aliyepitwa na wimbo anairudisha nyuma.

Mimi naelemea upande wa video, ila nadhani wote wawili wanasahau kilichokuwa kikiuzwa mlangoni. Sikukuu ya Idi mtoto alikuja na nguo mpya na senti zake za mkono wa Idi. Kina mama walikuwa na onyesho lao peke yao, mabuibui yakajaa ukumbi. Na mlanguzi alisimama pembeni, tiketi zimekunjwa kiganjani. Picha yenyewe ilikuwa nusu tu ya safari.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka Majestic irudi kuwa sinema ya kila siku. Viti vitakaa vitupu Jumanne. Wala sitamani yaipate ya Empire ya Darajani, iliyogeuzwa duka: jina limebaki, watu wanaingia na vikapu. Tamasha la filamu la ZIFF, tangu 1998, limeonyesha kwamba watu bado hutoka kwenda kutazama picha pamoja, pakiwa na sababu ya kutoka. Ukumbi wa taarabu, harusi na mikutano, wenye picha usiku mmoja wa wiki, ungeweza kujilipia umeme. Ila hayo ni baada ya kutengeneza paa, na paa ni fedha nyingi.