Muuzaji naye alindwe
Kwenye makala yenu mmeandika vizuri kuhusu wauzaji wa mtandaoni wanaopoteza hela mteja akipinga malipo, yaani akiiomba benki yake imrudishie hela aliyolipa, ila sehemu inayouma mmeipita juu juu. Kwenye kadi za Visa na Mastercard mteja mara nyingi ana hadi siku 120 za kupinga, yaani mzigo ushafika, hela ushanunulia stoku nyingine, ndo benki inakuja kuikata tena na ada juu yake, na ada unalipa wewe! Hiyo si haki kabisa. Anayelipa kwa kadi ya wizi tunajua ni mwizi, lakini huyu anayepokea mzigo kwa mkono wake halafu anaiambia benki hajapata kitu naye ni mwizi tu jamani, asiitwe mteja. Wauzaji washeni 3-D Secure, ile inayomtaka mteja athibitishe malipo kwa benki yake, maana kesi ya kadi ya wizi ikitokea hasara kwa kawaida inahamia kwa benki iliyotoa kadi. Ila mteja akidai mzigo haukufika, 3-D Secure haikusaidii, hapo utaokolewa na sahihi ya aliyepokea na meseji zenu zote, msizifute. Na mtu akikutumia skrinshoti ya malipo usiiamini, ingia kwenye akaunti yako uone salio kwanza ndo ufunge mzigo.