Gitaa Kuukuu na Bei ya Mkono wa Fundi

Chukua gitaa lolote la mtumba, lenye mikwaruzo mgongoni na nyuzi zilizoshika kutu, uwape watu wawili wanaojua kupiga. Wa kwanza atabana nyuzi mara mbili tatu, atakunja uso na kusema: "Hili limechoka, ongeza hela ununue jipya." Wa pili ataliinua usawa wa jicho na kuitazama shingo kwa urefu wake, kama seremala anavyokagua ubao, kisha aulize fundi anapatikana wapi. Siku hizi wa kwanza ndiye anayeshinda mabishano, kwa sababu magitaa mapya yameshuka bei na yananukia vanishi. Nadhani anashinda mapema mno.

Hata hivyo apewe haki yake. Gitaa jipya la bei ya chini la leo si lile la miaka ya 1980. Shingo hukatwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, na mifereji ya freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, inakaa mahali pake kwa usahihi ambao zamani ulikuwa wa magitaa ya gharama. Viwanda vya Indonesia na China vimefikia hatua ya kuuza gitaa lenye uso wa ubao mzima wa spruce, mti wa nchi za baridi, wala si plaiwudi, kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuifikia akijibana miezi michache. Yamaha FG800 ni mfano unaojulikana. Jipya lina dhamana, na likiwa na kasoro unalirudisha dukani. Kuukuu lina siri: nondo ya kunyooshea shingo iliyokatika humo ndani, ufa uliozibwa kwa gundi na kupakwa rangi juu, shingo iliyojipinda kama kamba inayosokotwa. Zaidi ya hapo, mpigaji mwenye shughuli Jumamosi hana muda wa kusubiri gundi ikauke. Hizo ni hoja za kweli, na mtu akiamua kwa kuzifuata sitamcheka.

Ninaposhindwa kukubaliana naye ni kwenye lile neno "limechoka". Kimechoka nini hasa?

Mara nyingi hakuna kilichochoka. Nyuzi ziko juu mno, basi. Pima kwenye freti ya 12, nusu ya safari ya uzi, nafasi kati ya kilele cha freti na uzi ule mnene kuliko yote. Kwenye gitaa la akustika, lisilo la umeme, la nyuzi za chuma, milimita 2.5 hivi ni raha. Ikifika 4 ni mateso. Tofauti ni milimita moja na nusu, unene wa sarafu, na ndiyo inayoamua kama mtoto wa miaka 13 ataendelea kujifunza au ataliegemeza gitaa nyuma ya kabati mpaka buibui walizoee.

Naomba nikae hapa kidogo, maana jambo hili hulipita kila mnunuzi. Uzi ulio juu hauumizi kidole tu. Ukiubana mpaka ufike kwenye freti, unauvuta, na uzi uliovutwa hupanda sauti. Kwa hiyo gitaa lenye nyuzi za juu linaweza kutyuniwa vizuri kabisa nyuzi zikiwa hazijabanwa, kisha kila sauti inayobanwa ikapotoka kwenda juu kidogo. Mwanafunzi anasikia kitu hakikai sawa, hajui ni nini, na anahitimisha kwamba sikio lake bovu. Mwalimu naye anamwambia vidole bado laini, avumilie. Ile F ya freti ya kwanza, sauti kadhaa zinazobanwa kwa pamoja na kuwatoa watu jasho, nusu ya ugumu wake haiko vidoleni. Iko kwenye kizingiti, kile kijiti cha mfupa au plastiki ambacho nyuzi hupitia kabla ya kuingia shingoni. Vijifereji vyake vikiachwa juu, freti tatu za kwanza zinakuwa ngumu kuliko zote, nako ndiko kila anayeanza anaishi. Sijui ni wangapi wameacha muziki kwa sababu ya kijiti hicho. Ninaowafahamu mimi tu wananitosha.

Na kijiti hicho ndicho kinachoivuruga hoja ya jipya. Viwanda vya bei ya chini huviacha vijifereji juu makusudi, kwa kuwa gitaa lililo gumu kubanwa halirudishwi dukani haraka kama lile ambalo nyuzi zake zinagusa freti na kukoroma. Hivyo jipya nalo linahitaji fundi. Mtu anayelinganisha "kuukuu pamoja na gharama ya fundi" na "jipya peke yake" ameanza kupiga hesabu akiwa ameshapendelea upande mmoja.

Dawa yenyewe haihitaji kiwanda. Shingo iliyovutwa mbele na nyuzi hurudishwa kwa kukaza ile nondo ya ndani, kifaa kilichosajiliwa na Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani, kama uvumbuzi wake mwaka 1923 na sasa kimo karibu katika kila gitaa la nyuzi za chuma. Robo mzunguko, subiri, pima tena. Kizingiti huchongwa kwa tupa nyembamba. Kijiti cha pili, kile cha darajani, yaani kwenye kipande cha mbao kinachoshika nyuzi usoni pa gitaa, hupunguzwa kwa msasa upande wa chini: ukikata milimita 1 pale, uzi unashuka nusu milimita kwenye freti ya 12, kwa vile iko katikati. Mfupa wa ng'ombe uliochemshwa, ukaondolewa mafuta na kukaushwa, unachongeka kuwa kizingiti kizuri kuliko plastiki yenye uwazi ndani inayokuja na magitaa ya bei rahisi. Mifupa kwetu si haba. Freti zilizolika mashimo chini ya nyuzi husawazishwa kwa tupa ndefu, zikarudishiwa uviringo, zikang'arishwa. Kazi nzima ni ya siku moja kwa fundi aliyetulia.

Yapo pia majeraha ambayo gitaa halikuzaliwa nayo, na kwetu moja linaongoza. Mtu anapata gitaa la klasiki, lililoundwa kwa nyuzi za nailoni, anaona sauti yake ya upole, anaamua kulifunga nyuzi za chuma "lipate nguvu". Nyuzi sita za nailoni huvuta kwa jumla takriban kilo 40. Seti nyepesi ya chuma kwa gitaa la akustika hupita kilo 70. Gitaa la klasiki kwa kawaida halina nondo shingoni, na mbavu zilizo chini ya uso wake ni nyembamba kwa makusudi. Miezi michache baadaye uso umevimba nyuma ya daraja na shingo imepinda kwenda mbele. Siku moja ya joto daraja linang'oka na kuruka kwa kishindo cha kuamsha nyumba. Kisha huyo huyo anasema magitaa ya mtumba hayadumu.

Pwani ina la kwake. Viwanda vingi hujenga magitaa ndani ya vyumba vyenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa unyevu hupita 70 mara nyingi tu. Mbao zinakunywa hewa hiyo, uso unatuna, nyuzi zinapanda, na gitaa lililotoka Nairobi likiwa laini linafika Mombasa likiwa gumu. Hapa plaiwudi inayodharauliwa inalipa kisasi, maana haipasuki wala kutuna haraka kama ubao mzima. Gallotone Champion, gitaa la bei rahisi lililotengenezwa Afrika Kusini na kusambaa sehemu nyingi za bara hili, lilikuwa na karatasi ndani yake yenye ahadi kwamba halitapasuka. Moja la aina hiyo lilikuwa mikononi mwa John Lennon mwaka 1957, siku alipokutana na Paul McCartney, mwenzake wa baadaye katika Beatles, kwenye sherehe ya kanisa huko Liverpool. Kwa hiyo anayekuuzia kuukuu kwa sifa ya "ubao mzima" muulize limeishi wapi.

Upande wangu nao una ugonjwa wake. Watu wengi wakisikia kuboresha gitaa hawafikirii kizingiti. Wanafikiria pikapu. (Nasema sumaku zile zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, si gari.) Wananunua pikapu za jina kubwa mtandaoni kwa bei inayozidi gitaa lenyewe, wanazifunga kwenye gitaa ambalo freti zake zimelika, kisha wanashangaa kelele zile zile zinatoka kwa sauti nzuri zaidi. Anayetetea jipya akiwaonyesha kidole hawa, yuko sahihi kabisa. Ningepanga hivi: shingo, freti na kizingiti kwanza, kisha vigingi vya kukazia nyuzi kama vinateleza, kisha usafi wa nyaya na lehemu ya tundu la jeki, pale panapochomekwa waya, ambalo ndilo chanzo cha mikoromo mingi. Pikapu ziwe za mwisho, na mara nyingi ukifika huko unakuta hamu imeisha.

Kuna wapinzani wengine wanaoingia kwa mlango wa nyuma, nao wanasema: gitaa la zamani lisiguswe. Hao ni wakusanyaji. Gibson Les Paul, magitaa ya umeme, za rangi ya machweo zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1960 zinauzwa leo kwa bei ya nyumba, na ukiipaka mojawapo rangi upya, hata kwa ustadi wa malaika, umeikata thamani vibaya mno. Wao wana hoja ambayo sisi wa tupa na msasa tunapaswa kuisikia: kilichoondolewa hakirudi. Freti ya asili ikishang'olewa imekwenda. Kwa gitaa lenye historia, busara ni kufanya kinachoweza kufumuliwa, na kuhifadhi kwenye bahasha kila skrubu iliyotolewa.

Ila tazama magitaa yaliyovunja rekodi. Stratocaster nyeusi, gitaa la umeme la Fender, ya David Gilmour wa Pink Floyd iliuzwa mwaka 2019 kwa dola 3,975,000. Aliinunua New York mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata alibadilisha shingo yake zaidi ya mara moja, akabadilisha pikapu, akaongeza swichi. "Blackie" ya mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton, iliyouzwa dola 959,500 mwaka 2004, haikuwa hata gitaa moja: aliiunganisha kutoka Stratocaster kuukuu tatu, akichukua kiungo bora cha kila moja. Najua utasema walilipia jina, na ni kweli. Ukilikatakata gitaa lako wewe, soko halitakupa dola moja ya ziada. Ninachokitazama mimi ni kwamba wapigaji hao, ambao wangeweza kununua kiwanda kizima, waliona afadhali kumpelekea fundi kuukuu lile lile tena na tena.

Anayenifurahisha zaidi ni Willie Nelson, mwimbaji wa country wa Marekani, na gitaa lake analoliita Trigger, gitaa la kampuni ya Martin la nyuzi za nailoni alilolipata 1969. Gitaa la aina hiyo halina ubao wa kukinga mikwaruzo, naye alilicharaza kwa ncha ya plastiki miaka na miaka mpaka likatoboka tundu la pili chini ya lile la kawaida. Fundi wake huko Austin, Mark Erlewine, amekuwa akilikagua na kuliimarisha kwa miongo, na tundu liko pale pale. Hajalirudisha lilivyokuwa dukani, wala hajaliacha life. Kati ya "usiguse" na "badilisha vyote" kuna nafasi pana kiasi hicho.

Nigusie mbao, japo kwa haraka. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia, ambamo mna rosewood za magitaa na mpingo wetu wenyewe, iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ala zilizokamilika zililegezewa masharti Novemba 2019. Sitasema kila gitaa la mtumba linaokoa mti, kwa sababu mengi yana mbao za kawaida tu. Lakini rosewood iliyokwisha kukatwa miaka 30 iliyopita, kuitupa kwa sababu ya kizingiti, ni israfu.

Kuna wakati ninamwambia mtu anunue jipya bila kusita. Weka rula ndefu juu ya freti, ielekee darajani. Ikigota chini kabisa ya sehemu ya juu ya daraja na kijiti hakina tena cha kupunguzwa, shingo imepoteza pembe yake, na kuing'oa na kuipanga upya kwenye gitaa la bei ndogo hakulipi. Shingo iliyosokotwa, ile iliyoinama upande mmoja na kuinuka mwingine, iache. Nondo iliyokatika, iache. Kichwa kilichovunjika kinaweza kuungwa kikadumu, ila umwone kwanza fundi aliyewahi kuunga kingine na kikakaa.

Basi kwa nini hesabu ya kuukuu inaonekana mbaya machoni pa wengi? Kwa sababu tunalipia kitu, hatulipii kazi. Pikapu mpya ina boksi, unaipiga picha. Kizingiti kilichoshushwa nusu milimita hakionekani hata ukikitazama kwa karibu. Nimesimama kwenye kibanda cha fundi mmoja, mteja akalichukua gitaa lake, akalipiga dakika nzima akitabasamu, akaligeuzageuza kutafuta mabadiliko, kisha akauliza: "Sasa umeweka nini kipya, fundi?" Fundi akajibu kwamba hakuweka kitu, amerekebisha tu. Mteja akaanza kuomba apunguziwe.