Zebaki au sianidi? Tazama marudio kwanza

Mjadala wa dhahabu ya wachimbaji wadogo kule Geita hauishi kurudi kwenye swali hili: dhahabu itolewe kwa zebaki au kwa sianidi, kemikali yenye sumu? Naona swali lenyewe limekaa vibaya; la kutazama kwanza ni marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya zebaki kufanya kazi yake.

Zebaki naielewa. Mchimbaji huimimina kidogo kwenye karai lenye mchanga uliotoka karasha, mashine ya kusagia mawe, anasugua kwa mikono mitupu, kisha anakamua kwa kitambaa hadi kibaki kidonge cheupe kama fedha. Kidonge kinachomwa juu ya mkaa. Zebaki, ambayo huchemka kwenye nyuzi 357, inapaa na dhahabu inabaki. Jioni hela ipo mfukoni. Mtu ambaye watoto wake wanasubiri chakula cha usiku simlaumu. Lakini mvuke ule anauvuta yeye, unaharibu mishipa ya fahamu, na zebaki inayomwagika hufika majini hadi kwa samaki.

Sianidi hufanya kazi nyingine kabisa. Dhahabu kwa kawaida hukaa peke yake mwambani. Sianidi, ikisaidiwa na hewa, huigeuza kuwa kampaundi inayoyeyuka majini, kisha kaboni huinasa. Chokaa, inayowekwa ili sianidi isigeuke gesi, ikipungua tangini, hutoka gesi inayoua kwa dakika. Hata hivyo jua huivunja sianidi. Zebaki ni elementi, haivunjiki.

Kwa mavuno hakuna ushindani. Sianidi inaweza kutoa zaidi ya asilimia 90 ya dhahabu, wakati zebaki mara nyingi haifiki 40. Tatizo ni kwamba sianidi inataka matangi, mtaji na siku kadhaa za kusubiri, na mwenye navyo mara nyingi ni mwenye karasha. Mchimbaji akishasagiwa mawe yake, huacha marudio palepale kama malipo. Yanaingia kwenye matangi ya sianidi, na sehemu kubwa ya jasho lake inachenjuliwa na mtu mwingine.

Marudio hayo bado yana zebaki! Sianidi inaiyeyusha na kuisambaza mbali zaidi. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unaitaja desturi hiyo kati ya zile za kukomeshwa.

Kupiga marufuku zebaki peke yake kutamnyima mchimbaji hela ya leo huku marudio yakibaki si yake. Mimi ningeanzia hapo: dhahabu iliyomo ipimwe kabla hajayaacha, alipwe fungu lake, na yasiingie tangini kabla zebaki haijaondolewa.