Mfalme au Rais, Foleni Ni Ile Ile

Usiitafute nchi yetu kwenye ramani, haipo. Lakini kero zake ukizisikia utadhani umezaliwa huku. Sasa tunaitwa kwenye kura ya maoni: tubaki jamhuri au tuwe ufalme? Maji hayatoki, watu hawaulizwi. Wanaulizwa wanataka kutawaliwa na mwenye taji au asiye na taji.

Tuanze na karatasi ya kura. Imewekwa alama mbili: taji kwa ufalme, kiti kwa jamhuri. Mama mkwe wangu kaigeuza karatasi ya mfano, kaigeuza tena, kavaa miwani, kisha kauliza, "Mkwe wangu, huyo mfalme akishinda atakaa wapi, chini?" Nikasema atakuwa na kiti chake cha enzi. "Basi hiki cha kwenye karatasi ni cha nani?" Nikanyamaza. Mama mkwe habishiwi, na isitoshe swali lake tume nzima haijalijibu.

Kingine, karatasi haisemi mfalme mwenyewe ni nani! Norway mwaka 1905 walifanya mambo kwa utaratibu. Walimfuata mjukuu wa mfalme wa Denmark, wakamwomba awe mfalme wao. Naye akasema ngojeni kwanza, wananchi wenyewe wanataka? Wakapiga kura, karibu asilimia 79 wakakubali, ndipo akaja, akaitwa Haakon wa Saba. Mtu na adabu zake. Sisi tunaambiwa tukubali kwanza, bwana harusi ataletwa baadaye.

Basi kila mtu amejipachika kwenye ukoo wa kifalme. Jirani yangu, ambaye mwaka jana alikuwa fundi bomba, amegundua kwamba babu wa babu yake alibebwa kwenye machela. Sisi tunaomjua tunahisi alikuwa mgonjwa. Lakini nani wa kumwambia? Zamani akihitaji ngazi yangu alibisha hodi, "Jirani, naomba ngazi." Siku hizi anamtuma mtoto: "Baba anasema tuletewe ngazi." Tuletewe! Ameichukua, na nikienda kuidai naambiwa hawezi kuonana na mtu, yuko barazani. Baraza lenyewe ni ndoo tatu zimegeuzwa juu chini.

Hawa wa jamhuri nao wasinichekeshe. Wanasema jamhuri maana yake hakuna mtu aliyezaliwa bosi. Nendeni mkapange foleni ya kitambulisho muone. Yule karani wa dirishani anakunywa chai yake mpaka tone la mwisho, anakikagua kikombe, anakufuta machoni kama vumbi, kisha anasema, "Njoo kesho." Huyo nani alimpigia kura? Ana taji lisiloonekana, na mlinzi wa getini ndiye waziri wake mkuu.

Mimi ninachoogopa ni kwamba jambo hili halitaisha. Ugiriki wamepiga kura kuhusu mfalme mara sita kati ya 1920 na 1974: leo arudi, kesho aende, keshokutwa arudi tena. Fikiria mtengeneza mihuri wa kule alivyotajirika. Italia ilikuwa mara moja tu, Juni 1946, jamhuri ikapata asilimia 54 na kidogo, na Umberto wa Pili, mwezi mmoja tu kitini, akafungasha. Hata kusafisha viatu vya sherehe hakuwahi. Australia mwaka 1999 wapenda jamhuri waligombana wenyewe kwa wenyewe rais apatikane vipi, Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, aliyekuwa malkia wao pia, akabaki zake. Alikuwa mbali huko Uingereza, kampeni hakufanya, kashinda.

Anayeninyima usingizi ni Simeon wa Pili wa Bulgaria. Alikuwa mfalme akiwa mtoto, ufalme ukafutwa kwa kura mwaka 1946, akaenda ughaibuni. Mwaka 2001 akarudi na chama chake, akashinda uchaguzi, akawa waziri mkuu! Kwa hiyo hata ukimfukuza mfalme leo, usitupe picha yake. Huenda akaja kukuomba kura.

Mke wangu ameshaamua, yeye ni wa ufalme, anataka kuona harusi zao. Nikamkumbusha kwamba rais mbaya unamsubiri muhula wake uishe, mfalme mbaya unamsubiri afe, na watu hao wanatunzwa vizuri. Akanijibu kwamba hata hao marais wa muhula anawajua, muhula wao una mpira, unavutika. Hapo sikuwa na la kusema, nikaomba chumvi.

Wananiuliza wewe uko upande gani. Magari mawili ya matangazo yanapita dirishani kwangu tangu alfajiri, la taji na la kiti, kila moja likitaka kumzidi mwenzake kelele. Kura yangu ni ya atakayezima spika kwanza. Mpaka sasa hawajapata kura hata moja.