Hesabu Iliyosahaulika ya Kufunga Nchi

Siku hizi ukigusia kufungwa kwa nchi wakati wa korona, hukosi mtu wa kusema lilikuwa kosa tupu. Virusi, atasema, vilisambaa vilevile, waliokufa walikufa, na juu ya misiba hiyo watu wakapoteza kazi, watoto wakakosa shule, nyumba zikageuka jela. Hoja hiyo ina uzito, na wengi wanaoitoa waliumia kweli. Nionavyo mimi, kilichokosewa ni kipimo. Wanauliza kama lokdauni ilivimaliza virusi, ilhali wataalamu wengi walioishauri hawakutegemea ivimalize. Jicho lao lilikuwa wodini, na humo wodini walikuwa wanahesabu wauguzi.

Mgonjwa wa korona aliyezidiwa, aliye kwenye mashine ya kupumulia, mara nyingi hulazwa kifudifudi ili sehemu ya nyuma ya mapafu ipate hewa. Hukaa hivyo kama saa 16, kisha hurudishwa chali. Kumgeuza huhitaji watu watano hadi saba. Mmoja anashika kichwa pamoja na mpira ulioingia kooni, wengine mabega na nyonga, mwingine anachunga mirija ya dripu na ya mkojo, na wote wanamsikiliza aliyeshika kichwa ahesabu: moja, mbili, tatu. Mpira ule ukichomoka, dakika chache zinatosha kumpoteza mgonjwa. Wanaofanya hayo wamevaa vazi la plastiki na barakoa iliyobana hadi kuacha alama mashavuni, na pengine hawajanywa maji tangu zamu ianze, kwa sababu kwenda msalani maana yake ni kuvua kila kitu na kuvaa upya. Wakimaliza hapo wanahamia kitanda kinachofuata.

Katika nchi kama Uingereza, kwa kawaida mgonjwa wa aina hiyo huwa na muuguzi wake peke yake, usiku na mchana. Katika wimbi la kwanza, hata hospitali za nchi tajiri zilifika mahali pa kumwachia muuguzi mmoja wagonjwa wawili, watatu, hata wanne. Fedha za mashine zilipatikana, na vitanda vilipangwa kwenye kumbi za maonyesho. London walijenga hospitali ya dharura kwa muda wa siku chache, wakaifungua mwanzoni mwa Aprili 2020, wakaipa jina la Florence Nightingale, muuguzi mashuhuri wa karne ya 19. Ilipangwa iweze kufikia vitanda 4,000. Katika wimbi lile iliishia kutibu wagonjwa kadhaa tu, na miongoni mwa vilivyoikwamisha ni uchache wa wauguzi wa kuhudumia mahututi. Kitanda unaweza kukinunua leo kikaletwa kesho, lakini muuguzi wa mahututi huchukua miaka kumfundisha.

Ndiyo maana naona lokdauni haikueleweka. Wiki zile za kukaa ndani zilikuwa na kazi moja kubwa, nayo ni kuzuia wagonjwa wasimiminike wote kwa mkupuo. Watu elfu wakiugua katika miezi mitatu, wodi inahema. Wakiugua elfu hao hao katika wiki mbili, wapo watakaokufa si kwa ukali wa ugonjwa, bali kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwageuza, wa kuwanyonya makohozi, wa kugundua saa tisa usiku kwamba oksijeni imeshuka.

Mwezi huo huo wa Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu hali ya uuguzi. Dunia ilikuwa na wauguzi milioni 27.9 na upungufu wa milioni 5.9. Kila nikizisoma takwimu hizo nakwama pale pale: asilimia 89 ya upungufu huo ulikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha chini-kati. Kwa maneno mengine, karibu wauguzi tisa kati ya kila kumi waliokosekana duniani walikosekana kwa maskini. Sasa weka hilo kando ya hoja inayosikika kila mahali, kwamba kufunga nchi ni anasa ya matajiri, kwa sababu maskini anakula alichokipata leo. Ni kweli anakula alichokipata leo. Lakini nchi yake ndiyo hiyo yenye wodi isiyo na wauguzi, nchi isiyoweza kustahimili hata wimbi dogo la wagonjwa. Umaskini ule ule uliofanya kufungiwa kusivumilike ndio uliofanya kufungiwa kuhitajike zaidi. Yeyote anayeshika upande mmoja wa ukweli huu na kuuacha wa pili, sidhani ameutazama sawasawa.

Wapinzani huitaja Uswidi. Haikuwafungia watu wake, na ukijumlisha miaka ile yote, vifo vyake vya ziada, yaani vilivyozidi vya miaka ya kawaida, vilikuwa chini ya vya nchi nyingi za Ulaya. Nakubali. Lakini Uswidi ni miongoni mwa nchi zenye wauguzi wengi kwa kila watu elfu, na watu wake wengi waliweza kubaki nyumbani kwa hiari bila mshahara kukatika. Nchi isiyo na kimojawapo kati ya hayo mawili ingeiga nini?

Madhara yenyewe hayafichiki, na baadhi yake ni aibu. Tarehe 24 Machi 2020 serikali ya India ilitangaza usiku kwamba nchi ya watu zaidi ya bilioni moja ingefungwa baada ya kama saa nne. Vibarua waliokwama mijini, bila kazi wala usafiri, walishika barabara kwa miguu kuelekea vijijini kwao, mamia ya kilomita, watoto mgongoni. Uganda ilifunga shule Machi 2020 na haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 2022, karibu miaka miwili, ikiwa na wanafunzi takriban milioni 15. Kwa hilo sina utetezi. Wakati huo hatari ya wiki za mwanzo ilishapita zamani, na gharama ilikuwa imehamishiwa yote kwa watoto. Wanawake walifungiwa ndani na wanaume wanaowapiga. Mwaka 2020 watoto milioni 23 duniani walikosa chanjo za msingi, milioni 3.7 zaidi ya mwaka uliotangulia.

Chanjo hizo zinatolewa na nani? Muuguzi. Mama aliyepigwa akifika kituoni na jicho limevimba anapokewa na nani? Muuguzi. Huwa tunamwekea muuguzi upande mmoja wa mzani, upande wa waliolindwa na lokdauni, kumbe na madhara yake yalipita mikononi mwake. Naye alikuwa binadamu aliyefungiwa kama wengine. Alikuwa na watoto wasio na shule na zamu asiyojua ataifikaje bila usafiri. Huko India wapo waliofukuzwa na wenye nyumba walioogopa kuambukizwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya kama 115,500 walikufa kwa korona.

Afrika Kusini ilitoa funzo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Ilipofunga nchi mwishoni mwa Machi 2020 ilipiga marufuku pia uuzaji wa pombe. Majeruhi wa visu, ngumi na ajali walipungua sana hospitalini. Pombe iliporuhusiwa tarehe 1 Juni, majeruhi wakarudi kujaza vyumba vya dharura, na Julai serikali ikairudisha marufuku ikisema wazi kwamba hospitali zinahitaji nafasi. Waliolalamika walikuwa na haki ya kulalamika, maana ajira zilipotea viwandani na kwenye baa. Hata hivyo pale hesabu iliwekwa mezani: muuguzi anayeshona jeraha la chupa usiku huu hawezi kuwa kando ya mgonjwa anayekosa pumzi. Kama kila katazo lingeelezwa hivyo kwa watu, naamini hasira ingekuwa ndogo.

Kwa hiyo ninaitetea lokdauni ya wiki za mwanzo, na siitetei iliyorefushwa baada ya hapo bila kufanya kile ambacho muda ule ulipatikana kwa ajili yake, yaani kuajiri, kufundisha, kulipa na kuwatunza wauguzi. Uingereza watu walisimama milangoni kila Alhamisi kuwapigia makofi wahudumu wa afya. Machi 2021 serikali ikapendekeza nyongeza ya mshahara ya asilimia 1 kwa wauguzi wa England.

Ripoti mpya ya uuguzi ya Shirika la Afya Duniani ilitoka mwaka 2025. Upungufu wa wauguzi duniani, kwa hesabu za mwaka 2023, ulikuwa milioni 5.8, na asilimia 78 ya wauguzi wote wako katika nchi zenye asilimia 49 tu ya watu wa dunia.