Kikoba Kinavunjwa, Kioo Kimezima

Kompyuta ingekuwa na utu ingeharibika mwezi ambao hakuna anayenidai chochote. Hii yangu ilisubiri wiki ya kuvunja kikoba. Mimi ndiye mhazini wa kikundi chetu hapa Uyole, Mbeya. Hisa za watu, mikopo, faini za wachelewaji, vyote vimo humo ndani. Mgao Jumamosi. Jumanne usiku nawasha: feni inavuma, taa ya chaji inawaka, mlio wa Windows unalia, kioo cheusi tii.

Sasa hebu mwambie mwanakikoba kwamba mahesabu yapo ila hayaonekani. Jaribu uone. Mama mmoja anayepeleka viazi Dar, tena lumbesa ambayo kuishona lazima apande juu ya ndoo, ndiye wa kwanza kuniuliza habari za uaminifu.

Halafu kila mtu fundi. Katibu kasema virusi. Jirani kasema pigisha Windows upya. Virusi gani hivyo vinavyozima taa na kuacha feni? Baba mkwe yeye kasema baridi, Julai hii hata jogoo anachelewa kuwika. Huku kwetu baridi ndiyo mshtakiwa wa kila kesi. Gari lisipowaka ni baridi, mkopo usiporejeshwa baridi. Na kuna fundi mmoja kule Kabwe hakuifungua hata. Jicho moja kwangu, jingine kwenye simu yake, akatamka kioo kimekufa na bei ya kipya papo hapo.

Aliyesaidia ni mtoto wa dada yake mke wangu, yuko kidato cha tatu. "Baba mdogo, tumulike tochi kwanza." Akazima taa ya sebuleni, akamulika kioo kiupandeupande. Picha si hii hapa! Hafifu, lakini ipo, na mshale unatembea. Kumbe kioo cha laptopu nyingi hakitoi mwanga wake chenyewe. Kuna mstari wa vitaa vya LED umepangwa ukingoni, mara nyingi upande wa chini, ndivyo vinavyomulika kwa nyuma. Mashine za zamani zilikuwa na tyubu nyembamba. Vikizima hivyo, picha inabaki gizani inakusubiri. Yaani LUKU nimenunua, umeme upo, na mtu mzima nimekaa sebuleni nasoma kompyuta kwa tochi.

Kijana akashauri pia tuunge kwenye TV kwa waya wa HDMI, tuhakikishe upande wa kutengeneza picha ni mzima. TV yetu ni ya chogo, tundu hilo haina. Mwenye TV bapa ni mwenyekiti. Basi Alhamisi saa mbili usiku kamati nzima ikahamia kwake, taarifa ya habari ikakatizwa. Waya ukachomekwa, picha ikaja kubwa, angavu, na faili lilikuwa wazi kwenye ukurasa wa wadaiwa. Jina la kwanza lilisomeka mpaka mlangoni. La mwenye nyumba. Wadaiwa hupangwa kwa ukubwa wa deni, na anayepanga ni kompyuta, si mimi. Mwenyekiti alitafuta rimoti kwa kasi ambayo kwenye marejesho hatujawahi kuiona.

"Tumeshaona inafanya kazi, chomoa. Watoto wanataka katuni."

Watoto walikuwa wamelala.

Ijumaa nikashuka Mwanjelwa kwa fundi mwingine. Huyu aliinua mfuniko polepole. Ulipofika nusu, mwanga ukapepesa, ukazima. Akatabasamu. Mimi fundi akitabasamu huwa nashika mfuko. Akachomoa betri kabla ya kugusa kebo ya kioo, kwa sababu njia ya umeme wa taa imebanana na njia nyingine mle, na ukichomoa kukiwa na moto unaweza kuunguza fyuzi ya kwenye madabodi, ile bodi kuu ya mashine, kidude ambacho bila miwani hukioni. Akaipima fyuzi hiyo kwa mita, ikalia, nzima. Akaifuata kebo mpaka kwenye bawaba, na hapo ndipo nyuzi zilipokatikia, kwa kukunjwa kila unapofungua na kufunga. Akatoa kebo kwenye mashine mfu ya modeli ileile, akafunga, kukawa kweupe. Yule wa Kabwe angeniuzia kioo kizima, na kebo mbovu ingebaki palepale!

Jumamosi nikafikisha ombi langu: nirudishiwe hela ya kebo, maana kilichokuwa gizani ni mali ya kikundi. Katibu akasema laptopu ni ya mhazini binafsi. Mama wa viazi, na hapa nampa haki yake, akasema itolewe kwenye mfuko wa dharura. Nikafungua ukurasa wa dharura, wakasogea wote. Fungu zima lilikuwa limekopwa na mtu mmoja.

Mwenyekiti akaomba nipunguze mwanga, eti unamuumiza macho.