Piko haijibu usiku ule ule

Jumamosi iliyopita bibi harusi wetu alikaa jukwaani saa tatu nzima, mikono ameificha chini ya mtandio. Wageni wakasema mtoto ana haya, kafundwa akafundika. Mimi nilikuwa nyuma yake na kipepeo, nampepea mikono badala ya uso, maana chini ya ule mtandio maua ya piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono, yalikuwa yamenyanyuka. Kila jani na kila kikonyo kilichochorwa Jumatano usiku kilikuwa kimegeuka lengelenge. Malengelenge yalifuata mstari wa mchoro bila kuukosea hata mahali pamoja, na mengine yalishaanza kutoa maji.

Ni mtoto wa dada yangu. Ananiita mama mdogo, na mimi ndiye niliyemtafutia mchoraji. Kwa hiyo hasira ninayoandika nayo leo, sehemu yake naielekeza kwangu.

Jumatatu nilikwenda kwa mchoraji. Si mtu mbaya. Amechora mabibi harusi wa ukoo wetu miaka mingi na mkono wake ni mzuri. Alisikitika kweli. Kisha akaniambia mambo mawili. La kwanza: "Dada, mimi nilimjaribu. Nilimdondoshea kidogo hapa kwenye kifundo, tukanywa chai, tukamaliza, hakuwashwa." La pili: "Basi tu, ngozi yake nyeti."

Hilo la pili limeniudhi, nitalirudia. La kwanza ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu ni kweli. Alimjaribu. Niliona kwa macho yangu, nikaridhika. Na jaribio lile halikuwa na thamani yoyote.

Kuna maswali mawili tunayoyachanganya kila siku kwenye saluni na kwenye vyumba vya mabibi harusi. Swali moja ni: je, hii dawa inachoma? Jingine ni: je, mwili wa huyu binti unaikataa? Kuchoma ni kazi ya dawa. Kukataa ni kazi ya mwili. Dawa inayochoma haichagui mtu, na mara nyingi haichelewi. Chukua dawa ya kulainisha nywele, ile yenye sodiamu haidroksaidi: ngozi yetu ina pH ya karibu 5, dawa ile inapanda hadi 12 na zaidi. Ukiiacha kichwani inakuunguza wewe, inaniunguza mimi, inamuunguza yeyote. Ndiyo maana msusi anakwambia "ikianza kuwasha sema", na ukisema anakukimbiza kwenye beseni. Pale inafaa. Nadhani tabia yetu yote ya kujaribu tumeitoa huko: pakaa, subiri kidogo, haiwashi, endelea.

Piko haina tabia hiyo. Weusi wake ni wa parafenilinidiamini, ambayo wataalamu huiita PPD, rangi ile ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kuficha mvi. Ni chembe ndogo sana isiyo na rangi, inapenya kwanza, ndipo inaposhikana na hewa au na ile dawa inayochanganywa nayo na kuwa nyeusi. Udogo huo huo unaoiingiza kwenye unywele unaiingiza kwenye ngozi. Ikishaingia, chembe za kinga za mwili huikamata na kuikariri sura. Kukariri huko huchukua siku kumi, hata wiki mbili, na mara nyingi mtu hahisi kitu. Siku ikirudi mara ya pili, mwili unaikumbuka, unakusanya jeshi lake, na kukusanya jeshi ni kazi ya siku moja, mbili, hata tatu. Hapo ndipo muwasho unapoanza, na uvimbe, na malengelenge.

Binti yetu alichorwa piko mwaka jana kwenye harusi ya binamu yake. Ilimpendeza, hakuna kilichomtokea. Mwaka huu alichorwa Jumatano usiku. Ijumaa alfajiri akaanza kujikuna. Ukihesabu saa utaona mwili haukuchelewa wala haukukosea.

Sasa chai ya kikombe kimoja ingemwambia nini mtu?

Nasisitiza hili kwa sababu hata watu wa maabara walihitaji miaka mingi kuyatenganisha maswali haya mawili. Mwaka 1944 Mmarekani John Draize na wenzake walichapisha njia yao ya kupima ukali wa kemikali kwa sungura. Sungura mweupe hunyolewa mgongo, akapakwa nusu mililita ya kemikali, ikafunikwa. Katika utaratibu uliokuja kukubaliwa kimataifa hukaa saa nne, ikaoshwa, kisha ngozi ikatazamwa baada ya saa 1, saa 24, saa 48 na saa 72. Wekundu hupewa alama kuanzia 0 hadi 4, uvimbe 0 hadi 4. Sungura wengi wameteseka kwa hesabu hiyo, na nashukuru kwamba siku hizi zipo ngozi ndogo zinazooteshwa kwenye vikombe kutoka kwa chembe za ngozi ya binadamu. Zikipakwa kemikali na nusu au zaidi ya chembe zikafa, kemikali hiyo inaandikwa kuwa inaudhi ngozi. Tangu 2013 Umoja wa Ulaya hauruhusu kabisa kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Lakini ona: hata kwenye swali rahisi, lile la kuchoma, mtu wa maabara alirudi kutazama kwa siku tatu. Sisi tunatazama mpaka chai iishe.

Na lile swali la pili, la mwili kukataa, lina kipimo chake tangu 1895, kilipoonyeshwa na daktari wa ngozi Josef Jadassohn. Unabandikwa vijibandiko mgongoni, kila kimoja na kemikali yake. Cha PPD huwa na asilimia 1 tu iliyochanganywa na mafuta mazito. Unakaa navyo saa 48, vinabanduliwa, daktari anasoma, kisha anakuita tena baada ya siku moja au mbili asome mara nyingine, kwa sababu ngozi nyingine hujibu ikiwa imechelewa hata hapo. Hicho ndicho kipimo. Siku mbili za kusubiri ndizo kipimo chenyewe. Ukiziondoa umebaki na tone la rangi mkononi.

Kuna jambo jingine linalonigusa kila nikisoma vikaratasi vya dawa za nywele. Vinasema: ukiona wekundu, usitumie. Wekundu! Hesabu zile za Draize zilianzia kwenye ngozi ya sungura mweupe, na mpaka leo tunaambiwa tutafute rangi ambayo kwenye ngozi yangu mimi huwezi kuiona. Ngozi nyeusi ikikasirika huzidi weusi, au hupiga zambarau, au hubaki ilivyo kwa macho huku ikiwa inawaka. Kwa hiyo usitazame tu. Pitisha mgongo wa kidole. Je, pana joto kuliko pembeni? Pamekakamaa? Pana vinundu kama ganda la chungwa? Panawasha ukipagusa? Dada yangu alimtazama mwanawe Ijumaa asubuhi akasema "mbona hakuna kitu". Kilikuwepo, ila hakikuwa chekundu.

Nirudi kwenye "ngozi nyeti". Neno hili linamhukumu aliyeumia. Binti anaondoka ameungua na bado anabebeshwa kosa, kana kwamba amezaliwa na ngozi yenye ila na kuharibu kazi ya watu. Ngozi yake haikuwa na ila yoyote kabla ya piko ya kwanza. Piko ndiyo iliyomfanya awe hivi, na huenda akabaki hivi maisha yake yote. Akija kuota mvi, dawa nyingi za nywele hatazigusa. Anaweza kukataliwa na mwili wake hata kwa baadhi ya rangi za nguo na baadhi ya dawa za ganzi zenye undugu na PPD. Amepewa mzigo huo kwa ajili ya maua ya usiku mmoja, na hakuna aliyemuuliza.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wanaochorwa piko na kubaki salama ni wengi kuliko wanaoungua. Nakubali pia kwamba wachoraji wanalisha watoto kwa kazi hii na hawana kikaratasi chochote cha kusoma. Rangi inawafikia ndani ya vichupa visivyo na maandishi. Nakubali kwamba hata majani matupu ya mhina si ya kumpaka kila mtu: kuna watoto wachanga waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na hina peke yake inaweza kuwavunjia damu. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba cha asili hakina madhara.

Lakini tofauti ya dozi ni kubwa mno. Ulaya, dawa ya nywele ikiwa tayari kupakwa haitakiwi kuzidi PPD asilimia 2, na kuichora kwenye ngozi hairuhusiwi. Piko za mitaani zilizopimwa katika nchi mbalimbali zimekutwa zikipita asilimia 10. Na zinapakwa kwenye ngozi yenyewe, zinaachwa zikauke ili zikolee. Ndiyo maana, na hapa najua wengi mtakasirika, kwa piko siwezi hata kuwaambia mjaribu siku mbili kabla. Tone la rangi kali namna ile, kwa mtu ambaye mwili wake haujaikariri, linaweza kuwa ndilo somo la kwanza. Kipimo kinakuwa ndicho kilichokuumiza. Kwa piko jibu langu ni moja: acha.

Dawa ya nywele ni habari nyingine. Ile ina boksi, ina maelezo, na sijaona mbadala unaoshika mvi vizuri kama hiyo, kwa hiyo siwezi kumwambia mama yangu aache. Ninamwambia afuate kikaratasi: tone kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, likauke, lisioshwe, saa 48. Kila mara anapopaka, hata kama ni boksi lile lile alilolizoea miaka kumi, maana mwili unaweza kubadili msimamo wakati wowote. Na aliyewahi kuvimba au kutoka malengelenge asijaribu tena nyumbani; aende hospitali. Wapo madaktari wa ngozi wasiopenda hata jaribio hili la nyumbani, wakihofia kwamba kulirudia kunaweza kuuzoesha mwili kukataa. Nimelifikiria sana. Bado naona ni afadhali uvimbe wa ukubwa wa shilingi nyuma ya sikio kuliko macho yaliyofumba kwa uvimbe asubuhi ya Idi.

Nchi yenye kituo kama kile cha hospitali ya KCMC kule Moshi, kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu miaka ya 1990, haikosi watu wa kulieleza jambo hili kwa Kiswahili kinachoeleweka na mchora hina. TBS, watu wa shirika la viwango, ambao siku hizi vipodozi viko mikononi mwao, waanze na vile vichupa visivyo na jina.

Nilipomweleza mchoraji wetu habari ya saa 48, kwa mabinti watakaotaka kupaka rangi nywele zao, alinijibu jambo nililoliona la haki: "Dada, bibi harusi gani atakuja kwangu siku mbili kabla?" Nikamuuliza, bibi harusi gani wa Tanga hasingwi? Binti anawekwa ndani siku saba, anapakwa liwa, anafukizwa udi, somo wake anaingia na kutoka asubuhi na jioni. Katika siku saba hizo hatukosi mbili za tone moja nyuma ya sikio. Muda tunao. Tunautumia kwa kila kitu kingine. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwandikie hizo saa kwenye karatasi, nikamwandikia.

Binti amepata krimu ya steroidi na dawa za kumeza, maji yamekauka. Yamebaki mabaka, maua yale yale, yakiwa meusi kuliko ngozi yake. Daktari amesema yatafifia kwa miezi, ila hakuahidi kwamba yataisha. Mumewe anamshika mikono bila kuitazama, na ninampenda kwa hilo.

Mdogo wake anaolewa mfungo sita. Alikuwa anataka piko nyeusi kama ya dada yake ilivyoonekana Jumatano usiku. Jana amenipigia: "Mama mdogo, hina ya majani itatoka rangi gani?" Nikamwambia itaanza kama chungwa, na kesho yake itaiva kahawia, na alale nayo usiku kucha asiioshe mapema. Bibi yao ana mhina nyuma ya nyumba kule Pangani. Tumekubaliana majani yachumwe wiki mbili kabla, yaanikwe kivulini, na mimi ndiye nitakayetwanga.